Kelele kwa R Mbili

Ukiisikiliza albamu yetu ya kwanza kwa makini, wimbo wa tatu unapokaribia kwisha, gitaa likinyamaza kidogo kabla ngoma hazijarudi, utasikia kuku. Analalamika mara moja tu, halafu ngoma zinamfunika. Watu wamewahi kuniuliza tulimtoa wapi na tulitaka kumaanisha nini. Hatukutaka kumaanisha chochote. Tulikuwa Mugutha, ndani ya nyumba ya kuku, na kuku wenyewe walikuwa nyumba ya pili, wakitaga mayai yao na kutuvumilia.

Sauti inayoimba humo ni yangu, ingawa sinayo tena. Nasema hivyo bila uchungu, au tuseme kwa uchungu mdogo, ule wa kubebeka. Kila ninapoisikia nashukuru. Namshukuru Mungu, nawashukuru wanaume wawili wenye vichwa vigumu niliopiga nao muziki huo, na nikiwa na furaha zaidi namshukuru hata yule kuku. Ilibaki kidogo tu sauti ile iende zake bila mtu yeyote kuihifadhi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Kiganjo. Watoto wangu ni wale wadogo kabisa, ambao ukigeuka tu kuandika ubaoni mmoja ameshaingiza kipande cha chaki puani. Kazi hii hufanywa kwa koo. Neno ninalolitamka darasani kuliko mengine yote, kuliko hata jina la Bwana, ni "Kelele!" Mtu wa mbali anaweza kudhani nawaomba watoto wapige kelele. Hapana. Huku kwetu mwalimu akisema "Kelele!" maana yake ni nyamaza kabla sijafika hapo ulipo.

Shida ni kwamba sisemi "kelele." Nasema "kerere." Nimelelewa kwa Kikuyu, na Kikuyu hakina hiyo l, ulimi wangu ulikutana nayo shuleni na haukuipenda. Kuchanganya r na l namna hii tunakuita kushrabu, na hakuna kinachowafurahisha wanafunzi kuliko mwenzao anaposhrabu mbele ya darasa. Shule ya upili nilisimamishwa nisome kifungu, nikafika kwenye "walilala," ikatoka "wariara," yaani hata haikuwa kosa la kawaida, ilikuwa ajali. Darasa zima likainamia madawati kwa kicheko, na mwalimu naye akageukia dirishani mabega yakimtikisika.

Baadaye, chuo cha ualimu, nilikaa mbele ya kioo nikijifundisha: lala, lulu, lori, kelele. Nikafaulu. Nikiwa nimetulia natamka l safi, hata mtangazaji wa redio hanishindi. Nikikasirika, r inarudi yenyewe. Na mimi hukasirika upesi, wanaonijua watakwambia.

Kuingia kwangu kwenye muziki wa rock kulitokana na geti la shule. Bawaba zake zilikatika, mwalimu mkuu akaita fundi wa kuchomelea kutoka Ruiru, kijana mrefu mwenye mikono iliyojaa alama za cheche. Alikuwa nje ameinamia kazi yake, nami niko ndani nawatuliza watoto waliokuwa wakitaka kuona moto. Nilipotoka wakati wa mapumziko nikakuta amezima mashine, ameinua kinyago usoni, ananingoja.

"Madam, ni wewe ulikuwa unaongea hapo ndani, ama ni redio?"

"Kwani kuna nini?"

"Hiyo sauti unaimalizia watoi bure. Sisi tuko na bendi ya rock na hatuna mtu wa kuimba."

"Mimi naimba kwaya."

"Sasa si hiyo ni kuimba?"

Nikamwambia aendelee na geti. Alipomaliza kufunga vifaa vyake nikajikuta namuuliza hiyo bendi hufanyia mazoezi wapi.

Bendi yenyewe ilikuwa watu wawili. Yeye alipiga gitaa, na mwenzake alikuwa mpiga ngoma wa kanisa moja la Ruiru, mtu mpole, mnene, ambaye siku za wiki alifuga kuku wa mayai nyumbani kwake Mugutha. Alikuwa na nyumba mbili za kuku, na moja ilikuwa imebaki tupu baada ya kuwauza waliozeeka. Alizipigilia kuta zake trei za mayai kuanzia chini hadi juu ili majirani wasije na malalamiko. Trei ni kitu ambacho hakikumpungukia. Humo ndani, kwenye harufu ambayo vumbi la mbao na dawa havikuweza kuiondoa, nilifundishwa gitaa la besi, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kulipiga, na humo ndipo nilipojua kwamba nina hasira za kutosha nyimbo nyingi.

Mama yangu, ambaye naishi naye, hakufurahi. Yeye ni wa kikundi cha akina mama kanisani, na hukosea upande wa pili: akijitahidi kusema vizuri, r zinageuka l. Muziki wetu akauita lock. "Hiyo lock yenu ndiyo inafunga watu masikio wasisikie neno," alikuwa akisema. Hakuwahi kuusikiliza. Alionyeshwa tu picha ya mwanamuziki fulani mwenye nywele ndefu na wanja machoni kwenye simu ya jirani, akakata kauli kwamba ni mambo ya shetani, na jioni hiyo akabariki chakula kwa sala ndefu iliyokuwa ikinihusu mimi zaidi ya chakula. Ugali ulipoa tukiwa bado tumefumba macho.

Mara ya kwanza tulipopiga mbele ya watu ilikuwa Kamakis, kwenye sehemu moja ya nyama choma ambayo mwenye nayo alidhani tunapiga mugithi, ule muziki wa Kikuyu wa kuchezwa kwa foleni. Nilikuwa nimevaa vizuri na nimejiandaa vizuri, na kosa langu lilikuwa hapo. Tuna wimbo mmoja unaohusu mwalimu aliyechoka kuwanyamazisha watu, akaamua kuwaamuru wapige makelele. Kiitikio chake ni neno moja tu, kelele, linapigwa ukelele mara nne. Niliogopa kuchekwa. Nikalitamka kila mara kwa l safi, za chuo cha ualimu. Watu waliendelea kutafuna mbavu zao kwa utulivu, na mama mmoja akaja kutuuliza kwa heshima kama tunajua ule wimbo wa harusi.

Muhula uliofuata sauti ilianza kukwama. Mwanzoni nililaumu chaki, kisha vumbi la nyumba ya kuku, kisha baridi ya Julai. Mama alinipa tangawizi, akanipa asali na ndimu, akanipaka mafuta ya kifua shingoni, akanifunga skafu, na katika kila dawa alitia maneno mawili matatu juu ya lock. Asubuhi nilikuwa naamka naongea vizuri, na kufikia saa nne nimebaki kupiga makofi. Watoto waliona ni mchezo mpya wakawa wananipigia makofi na wao.

Nikaenda kwa daktari wa koo mjini Thika, Mama akinisindikiza. Daktari alinipitishia kamera nyembamba puani hadi kooni, jambo ambalo simtakii mtu, akatuonyesha kwenye kioo cha mashine.

"Kuna kitu kimeota hapa kwenye nyuzi za sauti," alisema. "Tutakitoa, halafu kipimwe."

"Ni kibaya?"

"Hatuwezi kujua kabla ya kupima."

"Na sauti itarudi?"

"Utaongea. Kuimba, siwezi kukuahidi."

Mama alinishika mkono. Mimi niliogopa, nisiseme uongo. Niliogopa ugonjwa, lakini kitu kilichonitoa machozi pale kitini kilikuwa sauti. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiionea haya, nikiinyoosha mbele ya kioo, na sasa nilipoanza kuipenda naambiwa huenda inaondoka. Tena hakukuwa na mahali popote ilipohifadhiwa. Albamu tulikuwa tumepanga kuirekodi taratibu, kila chombo peke yake, tukirudia mpaka kila kitu kikae sawa.

Nikamwomba Mama anisubiri nje, kisha nikamwambia daktari kwamba kuna albamu, nami nataka kuiimba kabla ya upasuaji.

"Ya gospel?"

"Ya rock."

Akavua miwani. "Ile ya kupiga mayowe?"

"Ndiyo, daktari."

"Ukiniuliza mimi, nitakwambia usiimbe. Na naona hutaniuliza tena. Basi kama ni lazima, imba mara moja, usirudie. Halafu unyamaze mpaka tukutane."

Nilipowaeleza wenzangu, hakuna aliyenipa pole ndefu, na kwa hilo pia nawashukuru. Mpiga ngoma alimwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!" akaenda kuwapa kuku maji, akarudi macho mekundu. Mpiga gitaa alisema, "Jumamosi, basi. Tunapiga wote watatu pamoja, kila wimbo mara moja. Ukikosea, kosea na nguvu."

Wiki hiyo nilifundisha kwa ishara na kengele ndogo ili nisiitumie sauti. Jumamosi asubuhi nilifika Mugutha nikakuta wameazima vipaza sauti, wamevining'iniza kwenye nyaya zilezile zilizokuwa zikishikilia vyombo vya chakula cha kuku. Kompyuta ilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Jua lilikuwa limeanza kupiga mabati na joto lilikuwa linapanda. Tulishikana mikono, mpiga ngoma akaomba kwa ufupi, mtu wa kanisa ni wa kanisa, kisha akagonganisha vijiti.

Sijawahi kuwa na asubuhi nyingine ya namna ile. Kwa kuwa hakukuwa na kurudia, hakukuwa na kujihurumia. Niliimba juu ya maji yanayokatika tangu Jumatatu, juu ya mwenye nyumba anayebisha mlango kwa funguo, juu ya mwanamume mmoja aliyehama bila kuniaga akaacha viatu vyake mlangoni. Gitaa lilikuwa linatoka nje ya tuni na hakuna aliyelisimamisha. Vumbi la mbao liliruka kutoka sakafuni kila ngoma kubwa ilipogongwa, tukawa tunacheza ndani ya ukungu. Jasho liliniingia machoni nami sikuweza kuliondoa, mikono yote iko kwenye besi. Kule nyumba ya pili kuku waliacha kulia kabisa, isipokuwa yule mmoja.

Wimbo wa kelele tuliuacha mwisho kwa sababu ndio uliohitaji koo zaidi. Ubeti wa kwanza nilienda nao kwa adabu. Nikakaribia kiitikio nimeshaupanga ulimi nyuma ya meno, tayari kwa l. Hapo ndipo ikanijia kwamba hii inaweza kuwa mara ya mwisho maishani mwangu kupiga ukelele, na mimi nimesimama hapa nafikiria meno. Hasira ikanipanda. Nilikasirikia koo langu, nikakasirikia darasa lile lote lililoinamia madawati, nikamkasirikia na yule mwalimu wa dirishani. Nikafungua mdomo.

"KERERE!"

Mpiga ngoma aliangua kicheko, na katika kicheko chake mkono ukaanguka kabla ya wakati. Gitaa likamfuata. Sikuwa na la kufanya ila kuwakimbilia. Ndiyo maana wimbo ule unamalizika kwa kasi kuliko ulivyoanza. Si ufundi, ni watu watatu wanaofukuzana ndani ya nyumba ya kuku. Kila kiitikio kilipofika niliitupa ile r kwa nguvu zaidi, tena kwa raha, nikijua ninachofanya.

Tulipomaliza, masikio yalikuwa yanalia. Hasira iliponitoka, haya zikarudi.

"Nimeharibu," nilisema.

"Umeharibu wapi?"

"Nimeshrabu. Kila mahali. Watu watatucheka mpaka Naivasha."

"Aca," mpiga ngoma akakataa, akijipangusa machozi ya kicheko kwa fulana. "Hapo ndio umeimba."

Mpiga gitaa alikuwa ameinamia kompyuta, anasikiliza. Hakugeuka. "Hiyo hatugusi," alisema. "Wewe ushawahi sikia grainda ikisema l?"

Grainda ni ile mashine yake ya kukatia vyuma. Nilifikiria mlio wake, jinsi unavyouma chuma na kukikwaruza, nikaona ana haki kabisa. L inateleza. Gitaa kali likipita juu yake, haibaki kitu, r inang'ang'ania. Maskini mimi, nilikuwa nimetumia miaka kujiondolea kitu ambacho muziki huu uliniomba tangu mwanzo. Nilicheka mpaka nikakohoa, na nilipomaliza kukohoa sauti ilikuwa imebaki uzi mwembamba, kisha hata huo ukakatika. Nikawakumbatia wote wawili.

Upasuaji ulikwenda salama. Kitu kile kilipimwa, nasi tulipoitwa tukaambiwa si kile kibaya tulichokuwa tunakiogopa. Mama alipiga magoti palepale koridoni kumshukuru Mungu, akafunga njia, na wahudumu wawili waliokuwa wakisukuma kitanda wakasimama kumngoja amalize. Hawakumharakisha. Mmoja alisema amina.

Lakini swali la sauti lilibaki. Niliamriwa ninyamaze kwa wiki kadhaa, nisinong'one hata kidogo, maana kunong'ona nako kunachosha koo. Mtu mwenye mdomo kama wangu kukaa kimya ni adhabu. Niligombana na Mama kwa mikono. Nilimwandikia kwenye simu, naye akitafuta miwani yake hasira yangu ilikuwa imeshapoa. Mwishowe akawa anaongea kwa niaba yetu sote wawili, ananiuliza swali, ananijibia, halafu anakataa jibu langu.

Wakati huo mpiga gitaa aliitoa albamu mtandaoni, na kicheko nilichokiogopa kilikuja kweli, ila kilikuja kikicheza. Vijana wa boda boda wa Ruiru walianza kusalimiana kwa ule ukelele. Mwalimu aliyeshika darasa langu aliniandikia kwamba aliwaambia watoto "Kelele!" na mmoja akasimama kumsahihisha: "Tichaa, si hivyo. Ni kerere." Nilisoma ujumbe huo nikicheka kwa mabega tu, mkono kooni. Nilifurahi sana, na pia niliona wivu wa ajabu, kwamba sauti yangu inazunguka mjini na mimi niko nyumbani sina yoyote.

Asubuhi moja nilikuwa nje naanika nguo. Nikasikia muziki kutoka jikoni, nikadhani ni wa jirani, kisha nikajisikia mimi mwenyewe. Nikaenda polepole hadi mlangoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi, simu yake ameiegemeza kwenye kikombe. Gitaa lilikuwa linasaga, ngoma zinavunja, nami namzomea mwenye nyumba kwa sauti yote. Mama alikuwa amekunja uso kwa mateso ya wazi. Kila ngoma kubwa ilipopigwa kisu kilisimama kidogo, halafu kiliendelea.

Aliponiona alishtuka, akataka kuzima, akaacha.

"Mimi sipendi hii lock yenu," alisema. "Usifikirie nimebadilika. Hii kitu inaniumiza kichwa."

Nikaegemea mlango.

"Lakini hii nyumba imenyamaza sana, mami. Nimezoea ukinigombanisha." Alitupa kiazi kwenye sufuria. "Na wewe uko hapa ndani. Nikiweka, nakusikia."

Kumbe ilikuwa kawaida yake, kila nikitoka nje. Niliwahi kushukuru mara nyingi maishani, lakini sikumbuki nyingine ambapo shukrani ilinijaa namna ile na mdomo, mlango wake, umefungwa. Nilitaka kusema neno moja tu. Nikakumbuka nyuzi zinazopona, nikalimeza. Nikavuta kigoda kingine, nikachukua kisu, tukamenya viazi pamoja mpaka albamu ikaisha, na yeye akaibonyeza ianze tena.

Siku ya kurudi kwa daktari alinikagua kwa kamera yake, akaridhika. Akavuta kiti karibu.

"Sasa sema kitu. Polepole, bila kulazimisha. Kitu chochote."

Sikuhitaji kufikiri. Nikamgeukia Mama, aliyeketi kando na mkoba wake mapajani.

"Asante," nilimwambia.

Ilitoka chini sana, yenye mikwaruzo, sauti ya mwanamke mwingine, mkubwa kuliko mimi. Ile ya Mugutha haikuwamo. Nilijua hapo hapo, na nikaona daktari naye amejua, akafungua mdomo kuanza kunieleza.

Mama akamwinulia mkono anyamaze. Alikuwa ameinama mbele, sikio limenielekea.

"Sema tena," aliniambia.